Mama wa Aya ya Sita

Nyuma ya stendi, kwa mafundi cherehani
20 Januari

Mdogo wangu Kijiti,

Hujambo? Sisi hatujambo. Pacha wangu wamekua, viatu vya mwaka jana haviwaingii tena, na kila mmoja anadai ni mwenzake aliyevibana. Kazi ipo. Sare za shule zimenikalisha kwenye cherehani mpaka mgongo unalalamika kwa sauti.

Nimesikia jambo redioni, nikakaa nalo siku kadhaa kabla ya kukuandikia, maana sitaki kukupa matumaini ya bure. Wamesema Mahakama ya Katiba imeamua kwamba ile sheria iliyomlazimisha jaji kutoa kifungo cha maisha, atake asitake, inakwenda kinyume na Katiba. Mtu lazima asikilizwe kwanza, ndipo apimiwe adhabu. Na wote waliofungwa kwa sheria ile wanaweza kurudi mbele ya jaji wakasikilizwe upya. Si kuhusu kama walitenda au hawakutenda, hilo limeshapita. Ni kuhusu adhabu iwe kiasi gani. Fundi mwenzangu aliacha kukanyaga cherehani ili tusikie vizuri, na aliposikia akanishika bega.

Unakumbuka jaji wako alivyosema siku ya hukumu? "Sheria imenifunga mikono." Nililia kwa hasira siku ile. Mtu mzima na joho lake anatuambia amefungwa mikono. Sasa nasikia wamemfungua. Kijiti, waombe wakuandike jina. Usiniambie "nitaangalia". Wewe na hiyo "nitaangalia" yako mnanizeesha.

Mama anakusalimu sana. Anasema anakupenda na anakuombea kila siku.

Namshukuru Mungu kifua chako kilipona. Kula vizuri.

Dada yako


Gereza Kuu, karakana ya mbao
30 Januari

Dada,

Sisi wazima, yaani mimi na afande anayesoma barua hii kabla yako. Afande, shikamoo. Mlango wa kabati lako utakuwa tayari Ijumaa.

Redio yako imechelewa. Humu habari ile iliingia siku hiyohiyo, watu wakagonga vikombe ukutani mpaka tukafungiwa mapema. Hatujawahi kuwa na wanasheria wengi namna hii. Jirani yangu wa kitanda, ambaye mwezi uliopita alikuwa hajui tofauti ya shahidi na mdhamini, sasa anatufundisha Katiba kila baada ya chakula, na ukimkosoa ananuna.

Jina nimeandikisha, kwa hiyo usizeeke. Uamuzi huohuo umesema mtu asiye na wakili apewe wa zamu, bila malipo. Wangu alikuja juzi. Ni mama wa makamo, mkoba wake mzito kuliko yeye, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba kazi yake ni mikataba ya nyumba na viwanja, hajawahi kumsimamia mfungwa tangu amalize shule, na nimvumilie. Nilimpenda hapohapo. Wakili wangu wa kwanza alijua kila kitu na akasema sentensi moja. Unaikumbuka: "Ni kosa lake la kwanza, ana familia inayomtegemea, anaomba huruma ya mahakama." Kisha akaketi. Simlaumu. Hata angehubiri mpaka jioni, adhabu ilikuwa ileile.

Ameomba anwani yako. Mjibu vizuri, usimtishe.

Asante kwa kila barua, dada. Sisemi mara nyingi, basi nasema leo. Mama mwambie nimezipata salamu zake na nimeshukuru.

Kijiti


Ofisi ya mawakili, ghorofa ya tatu
12 Februari

Kwa Mama Pacha,

Mdogo wako amesema nikuite hivyo, nami nimefurahi kupata ruhusa. Mimi ndiye wakili aliyepangiwa zamu ya kumsimamia. Amenipa na namba yako ya simu, lakini nakuomba tuandikiane. Maneno ya simu siwezi kuyaweka mbele ya jaji, na isitoshe kwenye simu mimi huongea mno.

Nikwambie ukweli wa hali yetu. Miaka yote hii, katika kesi kama ya Kijiti, sisi mawakili hatukuwa na haja ya kumjua mtu. Adhabu ilikuwa imeshaandikwa. Umjue mteja, usimjue, yote mamoja. Sasa jaji anauliza: Huyu ni nani? Alilelewaje? Amebadilika nini? Akitoka anakwenda kwa nani? Na sisi tunatazamana kama wanafunzi waliokuta swali ambalo mwalimu aliapa kwamba halitatoka. Jaji wetu ameshawarudisha wenzangu kadhaa. Analalamika kwamba katika kila jalada anakutana na mtu yuleyule.

Jalada la mdogo wako nimelisoma. Duka la vifaa vya ujenzi lilivunjwa, mlinzi akapigwa nondo, mkono wake wa kulia haukupona. Hayo hayabadiliki, na mlinzi mwenyewe ataitwa, kwa sababu safari hii naye ataulizwa.

Naambatanisha rasimu ya hati ya kiapo ya Kijiti. Nimeianzia kwenye kielelezo tunachopeana hapa ofisini. Sisi watu wa mikataba hatuanzi na karatasi tupu, tunachukua ya jana tunabadilisha majina. Isome, hasa aya ya nne kuhusu marafiki waliomshawishi, na aya ya sita inayosema ana mama mzee anayemtegemea na kumsubiri nyumbani. Niambie kama ndivyo ilivyo, maana ataapa. Nakala nyingine nimempelekea yeye gerezani.

Nashukuru mapema kwa msaada wako.

Wakili wa zamu


Nyuma ya stendi
21 Februari

Wakili,

Nakusalimu kwa heshima, na nakuomba radhi kwa mwandiko. Mkono huu umezoea mkasi.

Nimekuletea barua za majirani, fungu zima. Utaona zote zinasema "kijana mtiifu, mnyenyekevu, mwenye heshima kwa wakubwa na wadogo". Hayo maneno ni yangu. Nilisimama nyuma ya kila mmoja mpaka akamaliza. Muuza mkaa alitaka kuandika kwamba Kijiti aliwahi kumvunjia dirisha kwa mpira, kisha akaja mwenyewe kulitengeneza. Nikamwambia dirisha halihusiani na Katiba.

Aya ya nne nimeipenda. Marafiki wabaya ndio hao, kila mtu anao.

Sasa nimefika ya sita, na kalamu imekuwa nzito. Wakili, mama yetu hayupo. Alifariki mwaka juzi, wakati Kijiti amelazwa zahanati ya gereza, kifua kikuu kimemwangusha. Nilitaka kwenda kumpa habari. Muuguzi akaniambia kwa upole, mwache apate nguvu kwanza. Nikamwacha. Alipopata nguvu nikasema aongeze mwili kidogo. Alipoongeza mwili nikasema mvua zipite. Sasa ni miaka miwili namletea salamu za marehemu, na ndiyo sababu siendi kumtembelea. Kwenye karatasi naweza. Uso wangu hauwezi, Kijiti nimembeba mgongoni tangu mtoto, ananisoma hata nikiwa nimegeuka. Kwa hiyo namwambia nauli imepanda, namwambia sare za shule.

Najua ataapa. Najua uongo wa kiapo ni mwingine. Lakini akiambiwa sasa, karibu na siku ya kusikilizwa, atasema hana pa kurudi, na hatafungua mdomo. Namjua. Nafasi hii haitatokea tena. Nakuomba usimwambie, tafuta namna. Ninyi watu wa mikataba mna namna zenu.

Na nikushukuru jambo moja. Tangu Kijiti afungwe, wewe ni mtu wa kwanza kutoka mahakamani aliyeniuliza yeye ni nani.

Mama Pacha


Gereza Kuu, karakana ya mbao
22 Februari

Mheshimiwa Wakili,

Barua ya mfungwa kwa wakili wake siku hizi haifunguliwi na mtu, kwa hiyo leo afande simsalimu. Nimeona ajabu kidogo kuandika bila yeye.

Hati nimeisoma. Mtu uliyemwandika ni mzuri sana. Ikitokea nafasi mtoeni yeye, mimi nitabaki nimalize makabati.

Aya ya nne. Hakuna aliyenishawishi. Nilikuwa nimefanya kazi ya kupakia mizigo katika duka lile, mlango wa nyuma nilikuwa naujua, na wazo lilikuwa langu. Wenzangu wawili niliwaita mimi. Nondo niliishika mimi. Yule mlinzi alikuwa akinigawia chai yake asubuhi nikifika kabla ya wengine, na siku ile alinitambua kwa sauti, ndipo nikampiga. Hilo ndilo ninalolala nalo. Kama jaji atanisikiliza, basi anisikilize mimi. Nimengoja sana, sitaki zamu yangu apewe mtu mwingine.

Aya ya sita. Habari za mama sikukupa, kwa hiyo sijui umezitoa wapi. Mama amefariki. Hakuna aliyeniambia. Mama hakujua kuandika, dada ndiye aliyekuwa akimwandikia salamu mwishoni mwa barua zake, na katika maisha yake yote mama hakuwahi kunisalimu bila kunigombeza. "Mwambie huyo mpumbavu asilale bila shati." "Mwambie aache kubishana na wakubwa, hana akili ya kutosha." Ndivyo alivyopenda watu. Nilipopona kifua ikaja barua inasema mama ananipenda na ananiombea kila siku. Niliisoma mara mbili, nikaiweka chini. Mama hawezi kusema hivyo akiwa hai.

Nilimlilia karakanani, randa mkononi, nikasingizia vumbi la mbao.

Dada asijue kwamba najua. Nakuomba sana. Amejitwika mzigo huo kwa ajili yangu, na nafikiri unamsaidia pia. Kila akiandika salamu za mama, anakaa naye kidogo. Nikimwambia, itakuwa nimemzika mama mara ya pili mbele ya macho yake. Hana mwingine wa kumwandikia barua za namna hiyo. Itoe aya hiyo kimyakimya, aone ni mambo ya kisheria tu.

Nakushukuru kwa kuniambia siku ya kwanza kwamba hujui kazi hii. Waliojua hawakunisaidia.

Kijiti


Ofisi ya mawakili, ghorofa ya tatu
3 Machi

Kijiti,

Acha kuniita mheshimiwa, viatu vyangu vimeanza kuamini.

Aya ya nne nimeifuta na badala yake nimeweka maneno yako kama ulivyoyaandika, pamoja na chai na sauti. Mwenzangu wa meza ya pili amesoma akaniuliza kama mimi ni wakili wako au wa serikali. Ana haki ya kuuliza. Mtu aliyekwenda na rasimu ya marafiki wabaya alipunguziwa wiki iliyopita, na wewe unaweza kuongezewa chuki badala ya kupunguziwa miaka. Niambie kama unataka nirudishe. Usipojibu nitajua hutaki.

Aya ya sita imetoka. Ilitoka kwenye kielelezo, kila mtu katika kielelezo chetu ana mama mzee. Nisamehe. Siri uliyonipa ni ya mteja na itakaa kwangu. Ila fahamu kwamba jalada la zamani linasema mama yenu alihudhuria kesi yako kila siku. Jaji amelisoma jalada hilo. Anaweza kuuliza.

Hamtaletwa mahakamani, mtasikilizwa kwa video mkiwa gerezani. Siku yenyewe ni tarehe kumi na tano Aprili. Vaa shati safi, kamera huonyesha kola kuliko uso.

Wakili wako


Ofisi ya mawakili, ghorofa ya tatu
3 Machi

Mama Pacha,

Nimekuelewa, na siri yako sitaitoa. Aya ya sita nimeiondoa.

Namna za watu wa mikataba nimezitafuta zote. Kwetu jambo gumu huandikwa kwa herufi ndogo mwishoni, mtu asaini bila kulisoma. Hapa hakuna mwishoni. Wewe ndiye shahidi wa nyumbani, na jaji akikuuliza habari za mama yenu ukiwa umeshaapa, mimi sitakuwa na msaada wowote ila kukaa karibu nawe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Zamani nilidhani wanamsema mwenye shida. Siku hizi nadhani walikuwa wanamsema wakili.

Barua za majirani nakurudishia, ninayoitaka bado haijaandikwa. Muuza mkaa mwambie aandike lile dirisha, na namna Kijiti alivyokuja kulitengeneza. Usisimame nyuma yake.

Wakili wa zamu


Nyuma ya stendi
28 Machi

Wakili,

Barua ya muuza mkaa hiyo hapo. Nilikwenda sokoni kwa makusudi ili nisiwepo. Ameandika kurasa mbili, kumbe ana maneno.

Nimemwandikia Kijiti juzi. Nilipofika pale pa salamu za mama nilikaa na kalamu hewani. Mwisho nimeandika tu "sote tunakuombea", na sote ni neno pana.

Kama ataniuliza jaji, sijui nitakachosema. Nitakuja hivyohivyo.

Mama Pacha


Ofisi ya mawakili, ghorofa ya tatu
17 Aprili

Kijiti,

Uamuzi uliusikia mwenyewe, picha ilikuwa imeshatulia. Kifungo cha maisha kimeondolewa, umepewa miaka kumi na miwili kuanzia siku uliyokamatwa. Nakala rasmi naambatanisha, umwonyeshe mkuu wa gereza aandike tarehe yako ya kutoka. Ni mwaka huuhuu, Novemba.

Lakini kuna kipande cha katikati ambacho hukukiona, nami naona ni mali yako.

Jaji alimuuliza dada yako, "Jalada linasema mama wa mfungwa alikuwa akija kila siku. Yuko wapi leo?" Dada alinitazama, nikatazama chini, maana nilikuwa na siri mbili za kufanana na hakuna niliyoruhusiwa kuigusa. Ndipo wewe ukasema kwenye skrini, bila kupewa ruhusa, "Mheshimiwa, dada yangu msimuulize. Mama yetu alifariki mwaka juzi. Nimejua siku zote. Dada alikuwa ananitunza." Na hapo mtandao ukakatika, ukabaki umeganda ukutani, mdomo wazi, kidole juu.

Jaji alisimamisha shauri. Alisema huwezi kuwa unasikilizwa na huku hupo. Fundi akaanza kuhangaika na nyaya. Kwa hiyo yaliyofuata hayamo kwenye kumbukumbu za mahakama, isipokuwa hizi za kwangu.

Dada yako alitoka kizimbani akaenda mpaka kwenye skrini. Karani aliinuka kumzuia, jaji akamwashiria aketi. Akasimama mbele ya picha yako, akakuambia, "Mpumbavu wewe. Miaka miwili nakutungia salamu, kumbe unajua. Na hilo shati umelifunga vifungo vibaya." Kisha akakaa chini, palepale sakafuni, akalia kilio cha mtu aliyefika msibani sasa hivi.

Mlinzi alikuwa ameshasema yake, nawe uliyasikia: kwamba chai ni kweli, mkono ni kweli, na anashukuru kwamba hati hii haikumtafutia mtu mwingine aliyempiga. Hakusema amekusamehe, nami sitamsemea. Ila aliondoka kwenye benchi lake, akaenda akakaa sakafuni karibu na dada yako mpaka picha yako iliporudi.

Jaji alipokuwa akikusanya karatasi alisema, si kwa ajili ya kuandikwa, kwamba tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba utoke ameshasoma hati nyingi, na hii ni ya kwanza ambayo amemkuta mtu ndani yake. Wenzangu walinipa mkono. Niliupokea, ingawa mwandishi ni wewe.

Nimeomba zamu nyingine, safari hii kwa hiari. Kile kielelezo cha ofisini nimekiacha. Hata kwenye mauzo ya nyumba nimeanza kuwauliza watu kwa nini wanauza, na wateja wanalalamika kwamba nawachelewesha. Nimekaa kazini miaka mingi nikifikiri Katiba ni kitabu cha wakubwa wanaogombania vyeo. Asante kwa kunionyesha inavyoingia chumbani kwa watu.

Wakili wako


Gereza Kuu, karakana ya mbao
25 Aprili

Dada,

Afande anakusalimu. Safari hii ameomba mwenyewe niandike hivyo.

Nina tarehe. Sijui kama mtu wa nje anaweza kulielewa hilo. Kifungo cha maisha hakina tarehe, kwa hiyo mtu hahesabu, anaishi tu kama kiti. Wenye tarehe huziandika ukutani kichwani pa vitanda vyao, na miaka yote hii nilikuwa nikipita nawaonea wivu hata wale waliobakiza mingi. Juzi jirani yangu, yule profesa wa Katiba, alinipa penseli yake. Niliandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta, mpaka akaniandikia yeye. Yake haijatoka bado, atasikilizwa mwezi ujao. Amemwomba wakili wetu na amepewa. Nimemshauri aseme kweli. Ameninunia, lakini naona anaandika.

Mlinzi nilimwona kwenye skrini, kichwa kimejaa mvi. Nilimfikiria siku zote kama nilivyomwacha. Nilitaka kumwomba radhi pale pale, jaji akasema nimwombe kama mwenyewe atapenda kunisikia. Wakili atamuuliza. Akikataa ni haki yake.

Sasa wewe. Wakili ameniandikia yaliyotokea nilipokuwa nimeganda. Nimeisoma barua ile mpaka imelegea kwenye mikunjo. Asante, dada. Kuna wenzangu humu ambao hakuna mtu nje anayejisumbua hata kuwadanganya. Wewe ulikaa kwenye taa, umechoka na sare za watoto wa watu, ukanitafutia maneno mazuri ya mama ambayo mwenyewe asingeyatoa hata kwa kubanwa. Niliyapokea yote. Nilijua ni yako na niliyapokea.

Lakini tulikosea jambo moja. Mimi nilimlilia peke yangu kwenye vumbi la mbao, wewe ukamlilia peke yako huko, kila mmoja anamficha mwenzake. Huo haukuwa msiba. Msiba ni wa watu.

Basi niandikie. Aliugua nini, nani alikuwa naye, alisema nini, mlimvika nini, kaburi liko upande gani. Usinipunguzie.

Kijiti


Nyuma ya stendi
2 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea dukani, kosa langu, fundi mwenzangu ikabidi anipokelee mteja.

Nimejaribu kukujibu ulivyotaka. Nimeandika "Mama alianza kuumwa" nikachana. Nimeanza na jirani aliyemfumba macho, nikachana hiyo pia. Miaka miwili nimeandika ya uongo bila kukwama hata neno moja, na leo nataka kuandika kweli siwezi kumaliza mstari. Nimeona hili si la karatasi.

Kwa hiyo nakuja. Nauli ipo, ilikuwepo siku zote. Jumapili nitakuwa getini na pacha, wamekwisha kugombana nani atakaa karibu nawe. Nitakueleza tangu siku ya kwanza mpaka tulipotoka makaburini. Ukitaka kulia lia, nikitaka kulia nitalia, na afande akitaka kusikiliza asikilize.

Nilimshukuru wakili kwa mdomo siku ile, nikaona haitoshi, nimemshonea gauni. Nimekisia vipimo. Na wewe nakushukuru kwa kuyabeba na kunyamaza, ingawa nikikuona nitakupiga kofi kwanza.

Barua hii usiijibu. Jibu halitanikuta nyumbani, nitakuwa njiani kuja kwako.

Dada yako